Mwanya Mbele ya Kiti cha Bibi

Neti mpya ina harufu yake, na iliyokwisha kuvua ina yake. Mpya hunuka plastiki na duka. Kuukuu, hata uioshe na kuianika juani wiki nzima, hubaki na chumvi, magamba ya samaki na kitu kama chuma kilicholowa. Mwezi uliopita nilivuka daraja kwenda Aija, kwa wauza vifaa vya uvuvi, kutafuta neti kuukuu kwa ajili ya kiwanja cha skuli ninayosomesha hapa Sur. Muuzaji aliikunjua moja mlangoni kwake, ile harufu ikanipanda puani, na kifundo cha mkono wangu wa kulia kikaanza kuuma. Hakikuwa na sababu ya kuuma; mfupa wake uliunga tangu nikiwa mtoto wa miaka tisa. Nikashika fremu ya mlango. Yule bwana akaniletea kiti na maji, akidhani ni jua.

Halikuwa jua. Ilikuwa kriketi, na najua mtacheka.

Wengi wakisikia Oman hufikiria mpira wa miguu na mbio za ngamia. Lakini sisi wa Ibra ambao wazee wetu walitoka Unguja tulikuja na vyetu: Kiswahili, maandazi ya iliki, ugomvi wa nani mkubwa kwa nani, na kriketi. Kila Ijumaa, baada ya sala na chakula cha mchana, wanaume wa kwetu walikwenda wadini, kwenye bonde kavu nje ya mji, wakatandika mkeka mrefu wa usumba katikati ya changarawe, wakasimamisha vijiti vitatu kila upande na kucheza mpaka Magharibi. Walikuwapo pia mafundi wachache wa Kipakistani waliocheza vizuri kuliko wote, na ambao, kwa adabu tu, hawakushinda kila wiki.

Na sisi tulikwenda kutazama. Magari yaliegeshwa kwa safu, mikeka ikatandikwa kwenye vivuli vyake, zikatoka chupa za chai, birika la kahawa, katlesi, na sinia la halwa lililofunikwa kitambaa. Hilo sinia lilikuwa na sheria yake. Mpira ukiruka mpaka kwa watazamaji, yeyote atakayeudaka kwa mikono miwili ndiye anayekata halwa ya kwanza, kabla ya wazee, kabla ya wageni, kabla ya mpigaji mwenyewe. Desturi hiyo walisema ya Unguja, na huenda waliitunga hapohapo Ibra. Kwa ajili ya halwa hiyo mikeka ilisogea mbele wiki hadi wiki. Kina mama walianza na kivuli cha magari, wakaishia juani, hatua chache tu kutoka kwenye mstari wa chokaa wa mpaka wa uwanja, watoto wakiwa mbele yao.

Sasa nikuelezeni kuhusu mpira wenyewe, maana asiyeujua atadhani twazungumzia mpira wa watoto. Ni wa ngozi nyekundu, umeshonwa kwa uzi mnene, ndani yake mgumu kama kokwa ya embe. Ukipigwa sawasawa hauonekani, husikika. Kwanza mlio wa gongo la kupigia, kisha mvumo, kisha umekwisha fika.

Ijumaa moja ulitua kwenye birika la kahawa, katikati ya magoti ya wanawake wawili. Birika lilibonyea, kahawa ikamwagika kwenye mkeka, na mmoja wa wale wanawake akabaki ameshika kikombe hewani. Kisha watu wakacheka. Walicheka kwa muda mrefu, kama wanavyocheka watu walioogopa, na mtu akasema ajali haina kinga, wenzake wakaitikia kweli, haina, mpira ukarudishwa, mchezo ukaendelea. Baba yangu peke yake hakucheka. Alikuwa fundi wa umeme wa laini kubwa, mtu wa glavu na kofia ngumu, aliyewahi kuwashusha nguzoni wenzake waliopigwa na umeme baada ya kusema maneno hayohayo. Alilichukua lile birika, akaingiza ngumi yake kwenye bonyeo, ikaenea.

Wiki iliyofuata alikwenda Aija, akarudi na neti mbili za kuvulia na vyuma vya kuzisimamishia mbele ya watazamaji. Ndipo mzozo ulipoanza.

Ami Saleh, mdogo wake baba na mpigaji wetu mkubwa, hakuzitaka. Alikuwa mtu wa maneno matamu, na hoja yake ilikuwa nyepesi: hapa hakuna aliyefungwa kamba. Kila anayekuja anaujua mpira, anajua unaruka, na akiogopa gari lake liko nyuma yake. Baba alimjibu kwamba hilo lingekuwa kweli kama watu wangekuja wenyewe. Sisi tunawaalika, alisema, tunawatandikia, tunawamiminia kahawa, tunawawekea na halwa ya kuwavuta mbele. Mtu anayekunywa kahawa yako amekukabidhi roho yake mpaka kikombe kirudi siniani. Wazee walitikisa vichwa, wengine kukubali, wengine kwa mazoea. Mwishoni baba alishinda, maana neti zilikwisha nunuliwa.

Lakini hakuwako mtu wa kumshinda Bibi.

Bibi, mama yao baba na Ami Saleh, alikuwa na kiti chake cha mbao chenye mto, na mahali pake palikuwa mbele kabisa, katikati, mbele hata ya watoto. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ingawa yeye alikataa katakata kwamba yana lolote. Alivaa kanga mbili juu ya gauni, akanuka udi na mafuta ya nazi, na kila mtu aliyefika wadini alianza kwake, shikamoo na mkono wa kubusu, ndipo akaenda kwingine. Alipoiona neti imesimamishwa, aliuliza ni kitu gani. Akaambiwa. Akasema kwa sauti ya chini, na sote tulisikia.

"Mie Unguja nimetazama kriketi kwa pazia la gari. Wasichana wanne ndani ya joto, tunagombania tundu. Mume wangu mwenyewe nimemwona mara ya kwanza kwa ufa wa mlango. Leo nna miaka yangu hii, mnataka kunitia ndani ya dema kama samaki changu?"

Mimi nilikuwa mtoto na nilidhani Bibi analeta ukaidi tu. Leo nasema alikuwa na haki yake, na ndiyo maana jambo hili hunikera mpaka sasa, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa na haki kidogo.

Ami Saleh ndiye aliyepata dawa. Neti ni mbili, alisema; basi zisikutane. Moja iishie kulia kwa Mama, nyingine ianzie kushoto kwake, katikati uachwe mwanya wa upana wa kiti. Kila mtu akafurahi. Watu walipeana mikono kama wamemaliza kesi ya shamba. Watoto wenye miguu ya kukimbia na kina mama wenye macho mazima wakakaa nyuma ya neti, na yule ambaye hawezi kuona wala kuinuka akawekwa kwenye uwazi, kwa heshima.

Baba hakufurahi. Alinichukua kando nyuma ya gari, akachuchumaa mbele yangu.

"Zuwena, Bibi haoni vizuri, na hapendi kuambiwa. Utakaa naye. Yeye tutamwambia unamsimulia mchezo. Lakini weye usitazame mchezo, tazama mpira. Ukiuona unakuja, mwambie ainame. Umenifahamu?"

Nikasema nimefahamu, naam Baba. Nilijiona mkubwa. Nilipewa kigoda karibu na kiti cha Bibi, ndani ya mwanya, na wenzangu nyuma ya neti wakanionea wivu kwa sababu mimi peke yangu sikuwa na kitu mbele ya uso.

Ukubwa huo haukumaliza nusu saa. Hivi mmewahi kutazama kitu kimoja bila kupumzika, kitu kidogo chekundu, mbele ya mlima wa rangi ya kahawia, jua likikushukia usoni? Mpira ulipokuwa mkononi mwa mrushaji nilipumua. Alipoanza kukimbia, nilikaza macho. Gongo likilia, nilikuwa na muda wa neno moja tu, na neno hilo nilikuwa nalo tayari nyuma ya meno: inama, inama, inama. Kisha mpira ulikwenda upande mwingine, watu wakashangilia, nami nikalimeza. Halafu mrushaji akaanza tena.

Na Bibi wakati wote alitaka habari. Nani anapiga? Yule mrefu ni nani? Mbona wanapiga makofi? Nilimjibu bila kumgeukia, na mara nyingi sikujua jibu, maana kwa kutazama mpira sikujua hata nani anashinda. Nikabuni. Nikamwambia Ami Saleh anapiga vizuri sana. Hilo lilimridhisha daima.

Maandazi niliyopewa yaliganda mkononi. Inzi alitembea kwenye shavu langu na sikumfukuza. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyo, na iliyofuata pia, mpaka nikaanza kuiogopa Alhamisi kwa sababu inaileta Ijumaa. Mama aliona nimepungua akanipa dawa ya minyoo. Sikumwambia mtu. Baba alikuwa ameniambia Bibi asijue, na kwa akili yangu nilidhani wote wasijue. Niliomba mvua inyeshe wadi ishuke maji. Mkoa wetu wote wa Sharqiyah ulikuwa kavu mwaka ule.

Kisha wakaja watu wa mji wa Mudhaibi.

Timu yao ilikuwa kali, na magari yalikuwa mengi kuliko siku zote. Nyuma ya neti watu walijaa mpaka zikatuna. Ami Saleh aliingia kupiga jua likiwa chini, nyuma yake, likinielekea mimi machoni. Alikuwa siku hiyo amechangamka. Akapiga mmoja ukaenda kulia. Akapiga mwingine ukapita juu ya magari, watu wakainuka, wakaimba jina lake. Bibi alipiga makofi mapajani.

Mrushaji wa Mudhaibi akarudi nyuma sana, akaja mbio. Nikaweka kiganja juu ya nyusi. Nilisikia gongo, mlio mzuri, ule mlio ambao kila mpigaji huutafuta, na sikuuona mpira. Niliona jua tu. Kisha ndani ya jua pakatoka doa jeusi, halikwenda kulia wala kushoto wala juu. Lilibaki palepale likikua.

Nikasema, "Bibi, inama."

Watu walikuwa wakimpigia kelele za sifa Ami Saleh. Bibi akanielekeza sikio lake. "Wasemaje, mwanangu?"

Sikusema tena. Sijui kama niliamua. Mara nyingi watu wameniita shujaa kwa jambo hilo na mimi hulikataa neno, kwa sababu sikumbuki kuchagua kitu. Nakumbuka nimesimama, nimempa Bibi mgongo, mikono yangu miwili mbele kama mtu anayedaka kwa ajili ya halwa. Nakumbuka mlio mdogo mkavu, kama kijiti cha mdalasini kinavyovunjwa. Na nakumbuka kwamba baada yake kelele zote zilikatika kwa pamoja, na nikasikia birika likichemka.

Baba alinibeba mpaka garini. Bibi hakuwa ameinuka kwenye kiti kwa miaka bila kushikwa na watu wawili, lakini alipanda gari lile, sijui nani alimpandisha, na kichwa changu kikawa mapajani pake, kwenye udi na mafuta ya nazi. Mkono wangu ulikuwa umefungwa kwenye kanga yake. Njia ya hospitali ina matuta, na kila tuta nililia. Kati ya tuta na tuta Bibi aliuliza:

"Huyu mtoto aliambiwa nini?"

Nilifumba macho. Nilidhani nimeitoa siri na nitapigwa. Baba akasema kwamba yeye ndiye aliyenituma nimtazamie mpira, kwa sababu macho yake, samahani Mama, si mazima.

"Kwa hiyo mkatoa neti mkaweka mtoto."

"Mama, neti uliikataa."

"Neti nilikataa. Mtoto sikuulizwa."

Nilimtazama baba kwenye kioo cha mbele. Machozi yalimteremka mpaka kwenye ndevu na hakuyafuta, mikono yote miwili iko kwenye usukani. Mtu aliyepima bonyeo la birika kwa ngumi yake, aliyegombana na ukoo mzima kwa ajili ya neti, alishindwa neno moja tu la kumwambia mama yake hapana. Nami, ndugu zangu, sijamlaumu kama watu wanavyodhani ningemlaumu. Nimekaa na wazee. Najua neno hilo linavyokwama.

Nilifungwa plasta mpaka karibu na kiwiko. Ijumaa iliyofuata watu walidhani hatutakwenda. Bibi alivaa tangu asubuhi. Tulipofika wadini alisalimiwa na wote, mikono ikabusiwa, halafu akasema aletewe uzi wa nyavu na ile sindano ya mbao inayokuja nao. Ami Saleh, ambaye wiki nzima hakuwa akila, akamwambia kwa upole, Mama, keti, sisi tutashona. Bibi akatazama upande ilikotoka sauti, akanyoosha mkono, na sindano ikawekwa mkononi.

Wakazivuta neti mbili mpaka zikakutana mbele ya kiti chake. Bibi hakuyaona matundu. Nikakaa kigodani, na kwa mkono wangu wa kushoto nikamshika kidole chake, nikakipeleka kwenye tundu la neti hii, kisha la neti ile, akapitisha uzi, akakaza, tukapanda kwenye tundu lingine. Watu wa timu mbili walisimama juani wakingoja. Hakuna aliyethubutu kutuhimiza. Alipofika juu, mahali ambapo mkono wake haukufika tena, alimpa baba amalizie. Akaegemea mto, akakunja kanga yake kwenye mapaja.

"Haya," akaniambia. "Sasa tazama mchezo."

Na nikautazama. Niligundua kwamba Ami Saleh ana kitambi na hukimbia kama bata, kwamba mafundi wa Kipakistani huchekeana kwa macho wanapojiachia washindwe, kwamba kuna mrushaji anayebusu mpira kabla ya kuurusha. Nilicheka mpaka nikaumwa na mbavu. Nilikula maandazi yangu yote. Bibi aliendelea kuuliza nani anapiga, na sasa nilikuwa na majibu, mengi kuliko aliyoyataka. Tukakaa hivyo, Ijumaa baada ya Ijumaa, miaka kadhaa.

Nilikuwa msichana mkubwa alipokubali hatimaye kupelekwa Nizwa kwa daktari wa macho, akatolewa ukungu, jicho moja kisha la pili. Ijumaa ya kwanza baada ya hapo tulimkalisha mahali pake nyuma ya neti. Alitazama muda mrefu. Ami Saleh alikuwa anapiga, mnene zaidi na polepole zaidi, akakosa, akakosa tena.

"Huyu ndiye mliyeniambia anajua?" akauliza.

Tulipomaliza kucheka nikamuuliza yeye zamani alikuwa akiona nini. Akasema kabla ya neti alikuwa anaona weupe wa nguo zao, unakwenda na kurudi mbele ya mlima, na ulimtosha. Baada ya neti hakuona kitu. Neti na ukungu vilishikana vikawa ukuta.

Nikamwambia, "Basi Bibi, ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Kukusikiliza weye unavyotazama."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, akaomba kahawa. Mimi nilijifanya natafuta kikombe. Mtoto niliyekuwa aliona bibi mkaidi amekubali kushindwa, basi. Hakuona kwamba mwanamke aliyetazama dunia kwa tundu tangu usichana, akapata uwazi wa upana wa kiti uzeeni, aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, tundu kwa tundu, kidole chake kikiongozwa na mtoto.

Alikwisha fariki sasa, Mungu amrehemu. Neti ya Ibra ilioza, wakanunua nyingine.

Na hii ya Aija ni ya skuli yangu, kwa sababu wasichana wetu wameanza kucheza kriketi na mpira umekwisha kuvunja kioo cha maktaba. Mwalimu mkuu ni mtu mwema na ananisaidia. Ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba siku ya mashindano tuache nafasi mbele ya makochi ya wageni wa heshima, kwa picha na kwa adabu. Nilimuuliza nani atakaa karibu na makochi. Akasema si mtu, ni mtoto mmoja mwerevu tu wa kuwamiminia kahawa.

Nilinunua neti mbili. Nimezishona mwenyewe, na nimezipandanisha katikati.